Tulivyotia Injini Kubwa Katika Kigari cha Devshi

Vijana wa karakana, mmenitaka niwaandikie habari za kazi yangu kabla sijasahau. Sijasahau kitu, na laiti ningekuwa mtu wa kusahau ningelala vizuri zaidi. Vyeo na mishahara mtanisamehe. Vyeo vilinijia nikiwa nimekwisha choka, na mishahara ninyi wenyewe mwaijua. Nitaandika habari za mikono, na zaidi nitaandika kazi moja niliyoifanya Malindi wakati ule wa vita vya kwanza vya Mjerumani, kwa sababu ndiyo iliyonikaa kooni mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Mambrui. Baba yangu alikuwa seremala wa vyombo, nami nilikua katika vumbi la mbao, nikajua kushika tezo kabla ya kujua kujifunga kikoi. Alipokufa, ndugu zake wakagawana kazi zake kama walivyogawana kuku wake, na mimi sikubakiziwa kitu ila zana. Nikavuka Mto Sabaki kwenda Malindi kutafuta riziki, nikaipata kwa Fundi Jafari.

Fundi Jafari alikuwa Mhindi Mwislamu aliyewahi kufanya kazi kwenye reli huko bara. Homa za huko zilimshinda, akashuka pwani na mkewe, Bi Sakina, akafungua banda nyuma ya maduka. Alitengeneza kila kitu chenye nati: cherehani, mizani, bomba za visima, santuri, hata saa ya msikiti. Motokaa katika Malindi ya siku zile zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, nyingi za Wazungu wa mashamba ya mpira, na zote zilikuja kwake maana hapakuwa na pengine pa kwenda.

Siku yangu ya kwanza alinipa cherehani ya mkewe niifungue yote, niisafishe, kisha niifunge. Bi Sakina alisimama juu yangu muda wote kwa kuwa Idi ilikuwa karibu na alikuwa na nguo za watu. Nilipomaliza, skrubu moja ilinibaki mkononi. Bi Sakina akakaa, akashona, na cherehani ikashona vizuri tu. Nikadhani nimepona. Fundi akanitazama juu ya miwani yake.

"Mashine ina adabu," akasema. "Imenyamaza mbele ya wageni. Haya, ifungue tena."

Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo siwezi kumnyima. Alinifundisha kuweka kijiti kwenye mtambo na ncha ya pili sikioni, nikasikia beringi inayolia kabla haijavunjika. Alinifundisha kwamba nati isiyotaka kufunguka hupewa mafuta na muda, haipewi matusi. Ninyi mnaopiga nyundo kila kitu mngefaa mwezi mmoja katika banda lile. Lakini Fundi Jafari alikuwa na ugonjwa mmoja, na si homa. Tukiwa wawili alinisifu. Akitokea mtu wa tatu, mimi sikuwapo. Kila kazi iliyotoka bandani ilikuwa ameifanya yeye, kwa mikono yake, tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kama siku ile alishinda kitandani na kikohozi na mimi ndiye niliyeimaliza. Mwanzo nilichukulia kuwa ndiyo haki ya mwalimu. Baadaye nilianza kuona uchungu.

Basi palikuwa na mwenye duka mmoja, Bwana Devshi, Mhindi wa Kihindu aliyezaliwa pale pale Malindi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa na duka kubwa mjini, na maduka madogo Mambrui na Gede. Kwa ajili ya kuzungukia maduka hayo alinunua kigari kilichokwisha tumika, kidogo, cha viti viwili na sanduku la mizigo nyuma. Injini yake ilikuwa ya silinda moja. Ilipokwenda ilikohoa, ikanyamaza, ikafikiri, ikakohoa tena, na watoto wa mji wakakiita kigari hicho Kikohozi. Mchanga wa njia ya Gede ulikuwa ukikimeza kila safari, na wakulima wa Kigiriama waliokuwa na mashamba karibu na njia walizoea kuacha majembe yao kuja kukisukuma. Devshi alifika dukani kwake kwa miguu mara nyingi kuliko kwa gari.

Siku moja Mzungu wa shamba la mpira ng'ambo ya Sabaki aliteleza na motokaa yake kubwa pale kivukoni, ikapinduka matopeni. Bodi ikapondeka, chesisi ikapinda. Mzungu akaisusa, na Devshi akayanunua mabaki na kuyaweka katika ghala la duka lake la Mambrui. Akatuita kutazama. Ndani ya tope lile palikuwa na injini ya silinda nne. Fundi aliizunguka mara moja, akaitia kidole, akanusa.

"Hii haijafa," akasema. "Imezimia."

"Basi naitaka iingie katika kigari changu," akasema Devshi. "Wahitaji nini?"

"Nahitaji kigari kikubwa zaidi."

"Kigari ni kile kile, Fundi. Ndiyo nikakuita wewe."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na shida ya kwanza ilikuwa mto. Injini ilikuwa Mambrui na kigari kilikuwa Malindi, na katikati Sabaki ilikuwa imejaa, nyekundu, imebeba magogo. Watu walivuka kwa mtumbwi kwa kuomba Mungu, lakini mzigo mzito kama ule hakuna aliyekubali kuuchukua. Fundi akasema tungoje mto upungue. Mimi nikamwambia aniache nichonge injini ya mbao.

"Ya kuchezea?" akauliza.

"Ya kupimia, Fundi. Naichonga sawasawa na ile ya chuma, naivusha, tunaijaribu ndani ya kigari. Mto ukipungua tuko tayari."

Akacheka mpaka akakohoa. "Devshi amenunua injini ya chuma, na wewe wamchongea ya mti. Haya nenda, hapa huna kazi."

Nikaenda kwetu, nikachukua zana za marehemu baba, nikachonga kwa mti wa msufi kwa ajili ya wepesi wake. Kila kitu nilikitia: vichwa vya silinda, bomba za moshi, gurudumu zito la nyuma, hata mahali pa kila bolti. Sikuwa na karatasi ya kiwanda wala mtu wa kumuuliza. Nilipima kwa kamba na bikari ya baba, nikakata, nikarudi ghalani, nikapima tena. Ilipokwisha nikaifunga kwa shuka nikaitia kichwani. Pale kivukoni mzee mmoja aliona urefu wa mzigo na ile shuka nyeupe, akashusha sauti akaniuliza ni mtoto wa nani. Nikamjibu kwa mzaha kuwa ni mtoto wa Devshi. Akanitazama vibaya sana, maana alijua watu wa Devshi hawaziki maiti, huwachoma.

Tulipoiweka injini ya mbao katika kigari, ilizidi. Ilizidi shubiri nzima. Fundi akaacha kucheka, akaizunguka, akaigonga kwa kidole. Akatoa shauri la kwanza: tuisogeze rejeta mbele na kufua boneti mpya, ndefu. Devshi akakubali, nami nikaanza kufua bati. Kama si vita, mambo yangekwisha hivyo, na mimi leo ningekuwa nawaandikia habari za bati.

Vita havikutufikia kwa bunduki. Vilitufikia kwa matangazo yaliyobandikwa bomani. Vijana walikamatwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, ndiyo iliyoitwa kariakoo, na wengi hatukuwaona tena. Kisha zikaanza kuchukuliwa motokaa. Karani wa boma, ambaye alikuwa akija bandani kutengenezewa saa yake, alitueleza mambo yalivyo.

"Watwaa zilizo na nguvu," akasema. "Na gari haitoki peke yake. Yule fundi ajulikanaye kwa injini hiyo hutolewa pamoja nayo, kwa kuwa huko vitani kila gari ina maradhi yake na hawana wakati wa kujifunza."

Walikwisha kuja kukitazama kigari cha Devshi, nacho kilikuwa bado na injini ya zamani tuliyoirudisha kwa muda. Askari mmoja alikizungusha hendeli, kikakohoa, wakacheka, wakaenda zao. Devshi alikuja mbio bandani kutwambia habari hiyo, na uso wake uling'aa.

"Basi kibaki Kikohozi machoni pao," akasema. "Injini kubwa iingie, lakini nje kusibadilike kitu. Boneti ile ile. Rangi ile ile. Hata ile kutu iacheni."

Nataka mwelewe vizuri jambo lililokuwa mbele yetu. Kama ingejulikana kwamba kigari kina injini kubwa, kingekwenda vitani, na mtu mmoja kati ya Fundi Jafari na mimi angekwenda nacho. Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye kifua kibovu. Mimi nilikuwa nimeoa, na mke wangu Mwanaisha alikuwa mja mzito. Sote wawili tulijua hayo siku tuliposhika tindo.

Boneti ile ile maana yake injini haina nafasi. Nilikaa ndani ya kigari na injini ya mbao mapajani, nikaisukuma mbele, nikairudisha nyuma, watu wakipita wakiniona kama nimeshikwa na kitu. Mwisho nikaona njia. Kama haiwezi kwenda mbele, ije nyuma. Tukate ubao ulio mbele ya miguu ya dereva, injini iingie chumbani shubiri moja, dereva aipanue miguu yake huku na huku, na kiti tukirudishe nyuma, kiingie sehemu ya sanduku la mizigo.

"Dereva ataungua magoti," akasema Fundi.

"Tutaweka bati, na juu ya bati ngozi ya ng'ombe."

"Na uzito? Chesisi hii ni ya kubeba mtoto."

"Tutaiongeza mbao za mbambakofi ubavuni, tukaze kwa vyuma, kama kiongezwavyo chombo kilichopasuka mbavu. Springi za mbele mhunzi ataongeza bamba mojamoja. Na rejeta ndogo itachemka, basi tutaweka debe la maji chini ya kiti, litembee kwa bomba."

Kisha akanipa kipande cha chaki akaniambia, "Chora." Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote, na mimi nilichora sakafu nzima ya banda kwa furaha. Baada ya siku chache nilipeleka mizani dukani kwa Devshi, nikamkuta Fundi amekaa pale na chai anaeleza habari za magoti, na ngozi ya ng'ombe, na mbambakofi, na debe la maji. Devshi akamwuliza, "Fundi, akili hizi wazipata wapi?" Akajibu, "Reli." Nikaiweka mizani chini nikatoka.

Ilibaki sauti. Silinda nne hazikohoi, hunguruma, na mngurumo hauvai boneti. Hapo injini yenyewe ilitusaidia. Kila silinda ilikuwa na koili yake ya cheche katika sanduku dogo la mbao, na kila koili na swichi yake ya shaba. Nikajaribu kuzima mbili, injini ikaanza kuchechemea na kukohoa vile vile kama ile ya zamani, pengine vibaya zaidi. Fundi alifurahi kama mtoto. Tukaafikiana kwamba kila tukipita mbele ya boma tutazima mbili.

Mto ukapungua, injini ya chuma ikavuka, na ikaingia mahali pake kama ilivyoingia ile ya mbao, isipokuwa bomba moja la moshi lililogusa usukani, nikalikunja. Siku ya kujaribu Fundi alishika usukani, Devshi akakaa kando yake, mimi juu ya sanduku. Bomani tulikohoa. Askari wa zamu akatukoholea pia na kutupigia saluti ya dhihaka. Tulipoupita mji Fundi akawasha swichi zote nne, na kofia yangu ikabaki nyuma sikuiona tena. Tuliingia mchanga wa Gede na kutoka upande wa pili kabla sijamaliza kusoma dua niliyokuwa nimeianza. Wale wakulima walikuwa wamekwisha acha majembe yao na kusimama tayari. Mmoja wao alitukimbilia nyuma akipiga kelele, "Ngojani tuwasukume!" Devshi alicheka mpaka akatokwa na machozi. Mimi sikucheka, nililia, na sioni haya kuandika. Fundi akageuka nyuma akaniambia, "Umeona?" kana kwamba mimi ni abiria niliyepewa nafasi kwa hisani.

Sasa niandike upumbavu wetu, na nauita wetu kwa kuwa kila nyumba ilitia wake. Fundi Jafari hakuweza kuanza kazi kubwa namna ile bila fatiha, kwa hiyo Alhamisi akapika halua na kuwaita jamaa wa msikitini, nao walipouliza fatiha ni ya nini akawaambia. Mamangu alikuja kutoka Mambrui na chetezo cha ubani akakifukiza kigari ndani na nje, na njia nzima ya kurudi kwao alimweleza kila aliyemwamkia kwamba mwanawe ametia moto mkubwa ndani ya kigari kidogo. Lakini wao walikuwa wanafungua njia tu. Aliyemaliza ni mama yake Devshi.

Katika nyumba yao chombo kipya hakianzi kufanya biashara mpaka kifunguliwe, kitiwe alama nyekundu, kimwagiwe mchele na kivunjiwe nazi. Si boneti inayotiwa alama. Ni injini. Devshi alimsihi ifanywe uani, mlango umefungwa.

"Kwani imeibwa?" mama akauliza.

Devshi akaja kwetu ametahayari. Ikifanywa sherehe, alisema, majirani hawana budi kualikwa. Na wakialikwa majirani, Bwana Shauri naye hana budi kualikwa, kwa maana kila arusi na kila mwaka mpya wa nyumba ile Mzungu huyo mkuu wa boma hualikwa kula peremende.

"Nisipomwita safari hii," akasema, "ataniuliza kwa nini."

"Ukimwita ataona kwa nini," nikamwambia.

"Funikeni zile plagi nne kwa kitambaa, asihesabu silinda," akasema Fundi, kama mtu aliyekata shauri kubwa.

Tukazifunika kwa kitambaa. Siku yenyewe bibi yule alifika na sinia lake, akakitoa kitambaa, kwa kuwa alama haitiwi juu ya tambara. Akazipaka plagi rangi nyekundu, moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Bwana Shauri alikuwa amesimama nyuma yake na peremende mdomoni. Akainama, akahesabu kwa kidole, akaacha kutafuna.

"Kazi ya nani hii?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya vipande vya nazi. Fundi Jafari akajitokeza mbele, kifua mbele. "Yangu, Bwana. Tangu shauri la kwanza mpaka nati ya mwisho." Watu wakapiga makofi. Nilimchukia saa ile. Nilimchukia kwa roho yangu yote, na nazi nikaendelea kuigawa. Mzungu alishukuru kwa peremende akaenda zake, na Devshi akaanza kujipa moyo kwamba labda hakuelewa.

Jioni nilimwambia Mwanaisha kwamba kesho nakwenda bomani kumwambia Bwana Shauri kwamba kazi ni yangu.

"Upewe nini?" akaniuliza.

"Jina langu."

"Umesahau alilosema karani? Ajulikanaye kwa injini hutolewa nayo. Wanitaka nizae nikiwa mjane?"

Sikuwa nimesahau. Hasira ilikuwa imenifanya nione vita ni jambo dogo. Asubuhi sikwenda, si kwa busara, bali kwa kuwa Mwanaisha aliificha kanzu yangu, na bomani huwezi kwenda na kikoi.

Haikupita muda mrefu akaja afisa wa jeshi na askari, pamoja na yule karani. Kigari kilikuwa mbele ya banda. Afisa akafunua boneti mwenyewe, akatazama, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Devshi alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Afisa akatugeukia.

"Fundi wa injini hii nani? Yeye kwenda na gari."

Maneno niliyoyataka siku zote yalikuwa mdomoni mwangu, na safari hii sikuyataka. Karani, ambaye aliniona mara nyingi nimelala chini ya kigari kile wakati Fundi yuko kitandani, akafungua mdomo. "Bwana," akasema, "huyu kijana naye..."

"Huyu?" Fundi Jafari akamkata. Akapiga kicheko cha dharau. "Huyu hushika taa tu. Injini hii ni yangu, na hapana mwingine aijuaye."

Afisa akanipungia mkono nisogee, kama anavyofukuzwa kuku. Nikasogea.

Hakunitazama. Hilo ndilo ninalowaandikia. Kama Fundi Jafari angenitupia jicho mara moja tu, hata la hasira, leo ningejua. Aliyajua maradhi ya bara, yalikwisha mtoa huko mara moja. Alijua Mwanaisha yuko katika mwezi wake wa kujifungua. Huenda alifanya makusudi, akanitukana ili anifiche. Au huenda alikuwa Jafari yule yule, mtu ambaye hata kwa bei hiyo hakuweza kuvumilia kusikia mwenzake anatajwa. Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa miaka yote hii na halikai popote. Mchana ule alifunga spana zake katika gunia, akaniambia mizani ya Devshi iliyo mezani niimalize, akapanda. Alikwenda na swichi zote nne zimewashwa. Hapakuwa tena na sababu ya kukohoa, na mji mzima ulitoka nje kusikia sauti ya kazi yangu kwa mara ya kwanza.

Mwanaisha alijifungua salama. Habari za Fundi tuliletewa na mtu wa Mambrui aliyerudi kutoka kariakoo mifupa mitupu. Alisema kigari kilifanya kazi vizuri sana, wakakitwika mizigo isiyo kiasi mpaka springi zikavunjika, wakaing'oa injini wakaifanya ya kusukumia maji, mabaki wakayaacha porini. Fundi Jafari alikufa kwa kuhara katika kambi moja karibu na mpaka wa Mjerumani. Kaburi lake yule mtu hakulijua. Serikali ilileta karatasi, na jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya.

Banda nililishika mimi. Bi Sakina alibaki katika nyumba ile ile, akishona nguo za watu. Siku moja, vita vimekwisha, alikuja akasimama mlangoni, buibui lake limejaa vumbi la njia. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Sakina."

"Marahaba." Hakuketi. "Nimekuja kukuuliza neno moja, Bakari, na nataka unijibu kama unavyomjibu Mungu. Watu wasema injini ile ilikuwa kazi yako. Wasema mume wangu alidanganya, akafa mahali pako. Ni kweli?"

Miaka yote ile nilingoja mtu wa Malindi atamke kwamba kazi ile ni yangu. Mtu huyo akawa yeye. Nilimtazama nikaona hajala vizuri siku nyingi, wala si kwa kukosa chakula.

"Wasema ovyo," nikamwambia. "Kazi ilikuwa ya Fundi, tangu shauri la kwanza. Mimi nilishika taa."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa naogopa amekufa na uwongo mdomoni."

Akaenda zake amenyooka, na kila nyumba aliyoingia kushonea aliwaambia kwamba Bakari mwenyewe amekiri. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha. Hata mwanangu mwenyewe alikua akijua hivyo, akawaeleza wanawe, nami nilikaa nikisikiliza. Bi Sakina tumemzika juzi, na ndiyo maana nimeshika kalamu leo. Karani alikwisha kufa, Devshi alikwisha kufa, Mwanaisha alikwisha kufa. Injini ile niliipanga mimi, na sasa nimepata ruhusa ya kulisema hilo, na hakuna aliyebaki wa kunisadiki wala wa kunibishia.